Tarakimu Nayo Huhojiwa

Mtu akikuletea habari kwa mdomo, humwuliza maswali. Umeyasikia wapi hayo? Ulikuwapo mwenyewe, au umeambiwa? Aliyekuambia naye aliambiwa na nani? Kuuliza hivyo si kumdharau mleta habari. Ndivyo watu wazima wanavyopokea habari. Lakini habari hiyohiyo ikija katika sura ya tarakimu, na hasa tarakimu yenye nukta na desimali mbili, maswali yote hutufia midomoni. Tarakimu haina ukoo, haina kisasi na mtu, haitafuti chochote kwetu. Kwa hiyo tunaidhania kuwa haiwezi kusema uongo.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kama kuna jambo moja nililotamani wanafunzi wangu watoke nalo maabara, ni hili: tarakimu ni usemi wa shahidi, na shahidi lazima ahojiwe. Tulikuwa na mita za mshale, zile ambazo nyuma ya mshale wake kuna ukanda mwembamba wa kioo. Mwanafunzi alitakiwa afumbe jicho moja, asogeze kichwa mpaka mshale ufunike kivuli chake kiooni, ndipo asome. Akisoma kwa upande, mita ni nzima, umeme ni uleule, na jibu ni la uongo.

Kisha kulikuwa na somo la pili, gumu zaidi. Mita yenyewe hunywa kidogo katika kile inachokipima. Mita nzuri ya zama hizo ilikuwa na ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti. Ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10, ukinzani wake ni omu 200,000. Ukiitumia kupima sakiti ambayo yenyewe ina ukinzani wa kiasi hicho, itakuonyesha nusu tu ya volti iliyokuwapo kabla hujaigusa. Hakuna aliyedanganya. Kule kuuliza ndiko kulikobadilisha jibu.

Niliyakumbuka masomo haya mawili siku jirani yangu, mama anayepika vitumbua na chapati kituo cha basi, alipokuja kuniomba ushauri. Binti yake yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Ana kompyuta mpakato, si mpya, aliyonunuliwa kwa fedha za upatu wa akina mama. Kompyuta hiyo ilikuwa ikizimika yenyewe. Anaandika ripoti yake ya mafunzo ya vitendo, ghafla kioo kinakuwa cheusi. Walikuwa wameipeleka kwa fundi kijana mwenye kibanda mtaani kwetu. Fundi aliiwasha, akaweka programu ya kuchungulia vipimo vya ndani, na programu ikaandika kwamba volti ya prosesa ni 4.08.

Fundi alishtuka, na alikuwa na haki ya kushtuka. Akawaambia kwamba mazabodi imeharibika, inaipelekea prosesa umeme mara nne ya unaotakiwa, na dawa yake ni kubadilisha mazabodi nzima kwa shilingi 380,000. Zamu ya jirani yangu katika upatu ilikuwa wiki ile, na fungu lake ni shilingi 400,000. Fedha hizo zilikwisha kupangiwa kazi: nauli na chumba cha binti huko wilayani atakakokwenda kumalizia mafunzo hospitalini. Mama alikuwa achague kompyuta au safari, na kukosa kimoja kungeharibu mwaka wa mtoto.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi volti sizijui. Nieleze tu, huyu kijana anasema kweli?"

Nilimjibu kwamba kijana anasema kweli kabisa kuhusu alichokisoma. Linalobaki ni kuihoji ile tarakimu.

Hebu kwanza, ndugu msomaji, tuelewane kuhusu volti hizi. Prosesa ya Intel 4004, iliyotoka mwaka 1971, ilitumia volti 15. Pentium za kwanza za mwaka 1993 zilitumia 5. Prosesa za leo katika kompyuta za kawaida huishi kwenye takriban volti moja: hushuka chini ya hapo zikipumzika, na hupanda juu kidogo zikifanya kazi nzito. Kushuka huku kwa miaka yote si mtindo tu. Joto linalozalishwa na sakiti hizi hukua kwa mraba wa volti: zidisha volti mara mbili, joto huzidi mara nne, zidisha mara nne, joto huzidi mara kumi na sita. Tena swichi zilizomo ndani ya prosesa ya leo ni ndogo mno, na kizuizi kinachotenganisha umeme ndani yake ni chembamba mno. Kizuizi hicho hakivumilii volti nne. Hutoboka.

Hapo ndipo tarakimu ile ilipoanza kujikanusha yenyewe. Ni nani aliyekuwa akiendesha programu, akichora herufi kiooni, akiandika ile 4.08? Ni prosesa ileile inayodaiwa kupokea volti 4.08. Maiti haandiki taarifa ya kifo chake. Kama tarakimu ingekuwa kweli, kusingekuwa na kioo cha kuisomea.

Lakini haitoshi kusema shahidi amekosea. Yapasa kujua amekosea vipi, maana mtu aliyeambiwa tu "hiyo si kweli" hubaki na hofu yake. Nilimtazama fundi, nikamwuliza, "Mwanangu, ukizidisha 255 kwa 0.016 unapata ngapi?" Akatoa simu, akapiga hesabu, akanyamaza kidogo. "Nne nukta sifuri nane, mzee."

Chipu nyingi za kupimia zilizomo katika kompyuta huhesabu kwa ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Katika aina moja inayotumika sana, kila ngazi ni volti 0.016. Kwa hiyo 4.08 ndiyo ngazi ya juu kabisa, darini, mahali ambapo kipimo hakiwezi kupanda tena. Na katika lugha ya kompyuta, 255 ni ile hali ya kila biti kuwa moja, ambayo ndiyo jibu linalopatikana mara nyingi unapobisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Programu iliuliza, hakuna aliyejibu, ukimya ule ukaandikwa kama tarakimu. Ukiona 4.08 kwenye volti, au nyuzi 127 au 255 kwenye joto, au feni ina mizunguko sifuri na wewe unaisikia ikivuma, usikimbilie kununua kitu. Uliza kwanza kama kuna mtu nyumbani.

Kwa nini hili hutokea zaidi kwenye kompyuta mpakato? Kompyuta za mezani aghalabu huwa na chipu ya vipimo inayojulikana, na watunga programu wamekwisha kuizoea. Katika kompyuta mpakato kazi ya kusimamia feni, kibodi na kuchaji betri hufanywa na chipu nyingine ndogo, na kila mtengenezaji huipanga kwa namna yake, modeli hii hivi na modeli ile vile, bila kutangaza mpango huo. Programu ya vipimo inayofika hapo ni kama mgeni aliyepewa ramani ya kijiji kingine. Anabisha mlango wa tatu kushoto akitumaini ni wa mjumbe, kumbe ni ghala.

Hata pale nyumba inapokuwa na mtu, jibu laweza kupotoshwa njiani. Tuseme waya una volti 12. Chipu haiwezi kupima zaidi ya nne na kidogo, kwa hiyo mhandisi huweka rezista mbili zinazopunguza hizo 12 kuwa 3, na programu inatakiwa izidishe kwa 4 kabla ya kuandika. Programu isiyojua rezista hizo itaandika 3, au itazidisha kwa namba ya mazabodi nyingine na kuandika kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani. Na kama programu mbili za vipimo zimewashwa pamoja, yaweza kuwa vurugu zaidi. Chipu hizi husomwa kama daftari lenye kurasa: kwanza unafungua ukurasa, kisha unasoma. Programu ya kwanza ikifungua ukurasa wa volti, kabla haijasoma ya pili ikafungua ukurasa wa joto, ya kwanza itasoma joto na kuliita volti.

Basi tukafuata mlolongo, na fundi ndiye aliyefanya kila kitu kwa mikono yake, maana macho yangu si ya kufungua bisi ndogo tena. Alifunga programu zote za vipimo, zilikuwa mbili, akawasha upya na kufungua moja tu. 4.08 ikabaki. Akaipa kompyuta kazi nzito, kisha akaiacha ipumzike, huku akiitazama ile tarakimu. Haikutikisika hata kidogo. Hilo nalo ni ushahidi, kwani volti ya prosesa iliyo hai hucheza muda wote. Hushuka na kupanda kama pumzi. Kipimo kisichopumua hakipimi kitu kilicho hai.

Kisha akatafuta tarakimu nyingine, ile inayotoka ndani ya prosesa yenyewe. Hiyo ilikuwa ikicheza kati ya 0.7 na 1.1. Kijana akafurahi, akasema tumeipata volti ya kweli. Nikamwomba asubiri kidogo. Tarakimu ile ni kiasi ambacho prosesa inaomba. Ukimtuma mtoto dukani akalete kilo mbili za unga, karatasi uliyompa inasema kilo mbili. Unga uliomo mfukoni ni jambo jingine, na mpaka uuweke kwenye mizani hujaujua. Kuna mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja la volti ya prosesa: volti iliyoagizwa na prosesa, volti iliyotolewa na kidhibiti kilichoko kwenye mazabodi, na volti iliyofika hasa kwenye kiini. Njiani kuna upotevu, na kazi ikiwa nzito upotevu huongezeka, kama presha ya bomba inavyopungua mtaa mzima ukifungua maji. Programu mbili zinaweza kutoa tarakimu tofauti na zote zikawa sahihi, kwa kuwa kila moja imeulizwa jambo lake.

Ilibaki mizani, yaani mita ya mkononi. Kabla hajagusa mazabodi nilimwomba aihoji mita kwanza. Akatia betri mpya ndani yake, kwa sababu mita ya tarakimu yenye betri dhaifu aghalabu husoma juu kuliko ukweli. Kisha akapima betri ya tochi iliyotoka dukani siku ileile. Ikasoma 1.6, kama inavyotakiwa kwa betri mpya. Sasa tulikuwa na shahidi aliyekwisha kujaribiwa kwa jambo tunalolijua. Akafungua kompyuta, akaiwasha ikiwa wazi, akaweka ncha nyeusi kwenye chuma cha ardhi na ncha nyekundu kwenye kapasita iliyo jirani na prosesa. Naandika hivi kwa hadhari: hii si kazi ya mtu asiyezoea. Ncha ikiteleza nusu milimita na kugusanisha sehemu mbili, mazabodi nzima iliyokuwa nzima itakufa pale pale, na uongo wa programu utakuwa umegeuka kweli kwa mkono wako. Kijana alishusha pumzi, akagusa. Mita ikasoma 0.9, ikicheza kidogo juu na chini.

Hakukuwa na volti nne popote.

Lakini kompyuta ilikuwa bado inazimika, na mama bado amekaa kwenye benchi la kibanda na pochi yake mapajani. Tarakimu ya uongo ilikuwa imetufichia swali halisi. Tukarudi kwenye dalili. Inazimika lini? Binti akasema ni baada ya kama nusu saa, na zaidi mchana kuliko usiku. Inazimika ikichajiwa tu, au hata kwenye betri? Kote kote. Ikizimika, ukigusa chini yake pakoje? "Pa moto, mwalimu, huwezi kupakata." Hapo fundi akafungua kipimo cha joto kilichomo ndani ya prosesa, ambacho hutengenezwa na mtengenezaji wa prosesa mwenyewe na hakitegemei ramani ya kijiji. Nyuzi 70, 80, 91, 97; kisha giza. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100, na zikikaribia hupunguza mwendo, na hali ikizidi kompyuta hujizima ili isiungue. Haikuwa inakufa. Ilikuwa inajiokoa.

Alipotoa feni, tundu la kutolea hewa lilikuwa limezibwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba yake ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa. Akasafisha, akapaka pesti mpya, akafunga. Kompyuta ikafanya kazi nzito saa nzima bila kuvuka nyuzi 78. Akataka shilingi 15,000, mama akamlipa, na nauli ya wilayani ikabaki mahali pake. Ile programu, ilipofunguliwa tena, iliandika 4.08 kama kawaida yake.

Sikusimulia haya ili kumcheka fundi. Alisoma sawasawa kilichoandikwa, na hatua alizozifuata baadaye hakuzikataa wala kuzionea haya. Wala sitaki msomaji atoke hapa akidhani kwamba kila tarakimu ya kutisha ni mzimu. Mwezi Julai mwaka 2024 kampuni ya Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti iliyozidi: maelekezo yaliyomo ndani ya prosesa yenyewe yalikuwa yakiomba volti zisizo sahihi, na Agosti mwaka huohuo marekebisho yakaanza kutolewa. Hapo anayetuma karatasi dukani ndiye aliyeandika vibaya, na duka likatii. Waliopuuza tarakimu kwa kusema "programu hizi huongopa" wangeweza kupoteza prosesa zao.

Na volti ikipungua nayo si mchezo. Desemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, KU Leuven na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz walieleza shambulio walilolipa jina la Plundervolt. Walionyesha kwamba ukishusha volti ya prosesa kiasi fulani kwa kitambo kifupi, haizimiki. Inaendelea na kazi, ila inakosea hesabu ya kuzidisha, na kwa makosa hayo siri zilizofungiwa ndani yake zinaweza kuibwa. Baada ya hapo watengenezaji wengi walifunga mlango wa kubadilisha volti katika kompyuta mpakato. Mashine iliyokufa haimdanganyi mtu. Iliyopungukiwa kidogo yaweza kukupa jibu baya kwa utulivu uleule inaokupa jibu zuri.

Kwa hiyo kuamini yote ni hatari, na kukataa yote ni hatari vilevile. Kinachobaki ni kazi ya kuuliza. Binti alilielewa hili haraka kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba hospitalini walifundishwa kuchagua mkanda wa kupimia shinikizo la damu kwa kutazama mkono wa mgonjwa, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma shinikizo juu kuliko lilivyo, na mtu mzima wa afya anaweza kuanzishiwa dawa za miaka yote kwa kosa la kitambaa. "Kumbe ni kitu kilekile," alisema. Naam, ni kilekile.

Tangu hapo nimeona nijiwekee maswali machache, nami nampa msomaji ayajaribu kwenye mizani ya sokoni, kwenye mita ya maji, kwenye karatasi ya maabara au kwenye kompyuta yake. Tarakimu hii imepimwa, au imeagizwa tu, au imekisiwa? Aliyeipima alikuwa ameunganishwa na kitu chenyewe, au alibisha mlango mtupu? Je, inabadilika pale kitu kinapobadilika? Kipimo hiki kikiwekwa kwenye jambo tunalolijua tayari, kinasemaje? Na kama ni kweli, ni jambo gani jingine lingepaswa kuwa kweli pamoja nayo, nalo lipo?

Maswali haya hayahitaji mtu awe fundi. Jirani yangu, ambaye volti hazijui hadi leo, alikuwa na la kwake lililokuwa bora kuliko yote, na alilirudia mara mbili pale kibandani kabla hajafungua pochi: "Sawa, imesema hivyo. Lakini imejuaje?"